Mkono Usiokuwa Mezani

"Bi Msasa, acha kuipapasa rimoti hiyo kama mtoto mchanga. Wanajeshi wako getini," mhandisi alisema.

Hakuacha. Kazi yake katika karakana ile ilikuwa kufinyanga mishikio kwa udongo, kisha kulainisha ile ya plastiki iliyotokana nayo, na jina alilipata kwa kipande cha msasa kisichomtoka mfukoni. Safari hii walikuwa wanaunda rimoti moja ya kuongozea droni angani na roboti ya magurudumu ardhini, askari asibebe mbili. Siku ya kwanza aliwacheka: "Mshika mbili moja humponyoka." Mhandisi akamjibu kwamba ndiyo maana wamemwita.

Basi akafinyanga. Wenzake walidhani anafuata vipimo vilivyobandikwa ukutani, kumbe alikuwa anafuata mkono wa bintiye. Binti alikuwa katika kikosi cha roboti, mbali, na leo kikosi hicho kilikuwa kinaleta watu wa kuijaribu rimoti. Ndiyo maana chini ya aproni mama alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, kama mtu anayekuja kuposwa.

Waliingia watatu. Aliwatazama usoni mmoja mmoja, kisha akautazama mlango mpaka ukajifunga. Hakuwemo.

Sajini wao, mwanamke mrefu mwenye maneno mengi, akatoka na rimoti hadi uani. Droni ikapaa vizuri. Akageuza swichi, roboti ikatambaa. Akairudisha swichi kwenye droni, akavaa glavu ajaribu tena. Kidole gumba kikatafuta nafasi, kikakosa, kikagusa kitufe chekundu cha kuzimia mitambo. Droni ikaanguka mchangani, puu!

"Hii mmempimia nani?" Sajini aliuliza. "Huu ni mkono wa mtoto."

"Wa binti yangu," Bi Msasa alisema kabla hajajizuia. "Yuko kikosini kwenu. Ana kovu la pasi hapa, kwenye gumba."

Sajini akamgeukia. "Wewe ndiye mama yake Kimya?"

"Kimya? Kwangu alikuwa kasuku."

"Basi kasuku wako kawa Kimya. Na mkono wake, mama, unaumeza huu wangu."

Bi Msasa akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mkono ule aliushika mara ya mwisho wakivuka barabara, binti akiwa na sare ya shule. Siku ya kuondoka kwenda jeshini binti aliunyoosha kutoka kwenye lori, naye mama, aliyeapa kuwa hatabariki bunduki, akakunja mikono yake kifuani. Wanasema majuto ni mjukuu. Wake alikuwa ameshakua, anakaa naye nyumba moja.

"Mbona hakuja?" aliuliza.

Sajini alivua glavu taratibu. "Alipangwa yeye. Akaniomba nije badala yake. Alisema mama yake hapendi mambo ya jeshi."

Mhandisi akajifanya anapangusa mchanga kwenye droni.

"Sipendi," Bi Msasa alisema. "Bado sipendi. Lakini yeye nampenda, hilo hakuliuliza." Akafuta macho kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa na vumbi. "Njoo, weka mkono wako hapa mezani. Nionyeshe wake unafika wapi."

Sajini akatandaza kiganja juu ya ubao, na kwa kidole cha mkono wa pili akagusa mbele kidogo ya kila ncha. "Hapa. Gumba hapa. Hiki kirefu, mpaka hapa." Bi Msasa akafuata kwa penseli.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mshikio haujaisha. Penseli haitoshi, nahitaji mkono wenyewe."

Walipoondoka alikanda udongo mpya, akaujaza mpaka kwenye alama. Akaukamata, vidole vyake mwenyewe havikuufikia upande wa pili. Hakuupeleka juani ukauke. Alilowesha kitambaa, akaufunika, na kila alipopita pale mchana ule alichovya vidole kwenye kopo la maji, akakinyunyizia tena.