Ngozi Isiyokubali Sindano

Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha dirisha likaangukia cherehani, na gurudumu la cherehani likazunguka mara mbili lenyewe, kana kwamba mtu asiyeonekana alikuwa amekanyaga ubao wa miguu. Jacinta alilitazama mpaka liliposimama. Ndipo jiwe la pili likaja, likampata begani.

Ilikuwa saa nane mchana. Jua lilikuwa limetanda juu ya majani chai ya Magwagwa kama siku nyingine yoyote, na hilo ndilo lililomshangaza kuliko maumivu. Tangu utotoni alikuwa amesikia kwamba watu huijia kazi kama hii gizani, nyuso zimepakwa majivu. Hawa walikuja mchana kweupe na nyuso zao wenyewe, na nusu yao walikuwa wamevaa suruali alizozikata yeye kwa mkono wake.

"Toka nje, omorogi! Mchawi wewe! Toka uvue hiyo ngozi tuione!"

Aliijua sauti. Ilikuwa ya Nyangau, mwendesha pikipiki wa jirani, ambaye mwanawe alizikwa juzi.

Nyuma ya nyumba, mapanga yalikuwa yameanza kazi. Migomba yake ilikuwa ikianguka mmoja baada ya mwingine, na kila pigo lilitoa mlio mzito wenye unyevu, mlio wa nyama.

*

Miaka miwili iliyopita Jacinta alikuwa na kilo mia moja na kumi na nane, na hakuna aliyeona kasoro. Mwili wa mke ni bango la mumewe, na Makori, dereva wa lori la majani chai, alitembea kifua mbele kwa sababu ya bango hilo. Kisha vidole vya mguu vikaanza kufa ganzi. Kidonda kidogo kwenye kidole gumba kikakataa kupona, kikawa na harufu. Kliniki moja ya mjini Kisii ikampeleka kwa daktari Akumu, mwanamke mwembamba kutoka pande za ziwani, asiyejua kuzungusha maneno.

"Mama, sukari imekupanda vibaya," alisema. "Chagua: mguu ama chapati."

Jacinta alicheka. Alipofika nje ya lango, akalia. Kesho yake akauchagua mguu.

Akala chinsaga, mboga chungu ya kwao, bila ugali. Akanywa chai isiyo na sukari mpaka wageni wakamwonea huruma. Na kila alfajiri, kabla macho ya watu hayajafunguka, alivaa sweta kuukuu la Makori akatembea mbiombio hadi mtoni, akapanda kilima hadi kwenye kibanda cha kupimia majani chai, akirusha mikono mbele na nyuma kama alivyofundishwa. Kidonda kikafunga. Kilo zikamwagika kama maji: tisini, themanini, sitini na sita. Daktari Akumu alimshika mikono akamwambia hajaona mgonjwa mwenye kichwa kigumu kama yeye, na kwamba siku hiyo ugumu ulikuwa dawa.

Lakini ngozi haikuondoka na mwili. Ilibaki kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba sherehe imekwisha. Tumboni ilimwangukia kama gunia lililomiminwa mahindi likasahauliwa msumarini. Chini ya mikono ilining'inia na kupepea. Katika mikunjo yake mlikuwa na joto na upele, na kila asubuhi alijinyunyizia poda ya watoto, mwanamke wa miaka arobaini na tisa.

Alikuwa fundi. Nguo zake zote alizipunguza mwenyewe, akafumua mishono, akakata, akashona upya. Alipomaliza alisimama mbele ya kioo na pini midomoni, kwa mazoea, akitafuta pa kubana. Ngozi haikubali sindano. "Ukishainyoosha kwa miaka ishirini, hairudi kwa kuitwa," Akumu alikuwa amemwambia. "Upasuaji upo, lakini bei yake ni ng'ombe wote wa kijiji chako." Basi Jacinta akaificha. Mikono mirefu juani. Taa kuzimwa kabla ya nguo kuvuliwa. Makori alirudi kila Jumamosi, na kwa mwaka mzima hakuwahi kumwona mkewe. Siku moja Makori akiwa usingizini alimwekea mkono tumboni, na Jacinta akaupiga kofi mkono ule kwa nguvu za mtu anayeua nyoka. Hakuna aliyelitaja asubuhi.

Watu hawana subira na jambo lisilo na jina. Kwanza walisema ni ugonjwa ule. Aliponawiri usoni badala ya kufa, wakatafuta jina lingine. Mwanamke anayekimbia kabla ya jua, akirusha mikono, katika milima hii ana jina moja tu. Kisha mwanamke mmoja akamwona mtoni akijisugua mgongo, akarudi na habari iliyojibu maswali yote: ngozi ya Jacinta imelegea kwa sababu huivua. Huivua usiku akaitundika, akaenda zake, na asubuhi huivaa tena. Kitu kinachovuliwa kila siku kitaachaje kulegea? Hata soksi hulegea.

Habari hiyo ilikaa sokoni miezi mitatu kama petroli kwenye chupa. Kiberiti kilikuwa mtoto.

Linet, mke wa Nyangau, alimleta mwanawe Ezra, wa miezi saba, ashonewe kanzu ya ubatizo. Jacinta alimzungushia utepe kifuani, akapima mabega, akapima kutoka shingoni hadi nyayoni. Mtoto aliudaka utepe akautia mdomoni, akaunyonya kwa bidii, na fizi zake zilipomgusa fundi vidole alihisi joto lisilo la kawaida. "Linet mwanangu, huyu ana homa. Usipitie sokoni. Mpeleke zahanati moja kwa moja," alimwambia. Hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa mtoto alikufa njiani, mikononi mwa mamaye. Kanzu ilibaki msumarini, nyeupe, na mkono mmoja tu.

"Alimpima," watu wakasema msibani. "Alimpima kama fundi wa majeneza."

*

Harufu ya petroli ilipoingia chini ya mlango, Jacinta alitoka. Afadhali kufa ukiona mbingu.

Walikuwa kama thelathini, vijana na watu wazima. Mmoja alikuwa ameviringisha gurudumu bovu la gari mpaka uani. Lilikuwa limelala pale katikati kama kiti kilichotayarishwa kwa ajili yake.

Nyangau alimfikia wa kwanza. Kofi lake lilimgeuza uso, kinywa kikajaa chumvi ya damu. Akamdaka mkono juu ya kiwiko ili amvute kwenye gurudumu, na hapo ndipo balaa lenyewe lilipozaliwa. Mkono wa sweta ulipanda, ngozi ikateleza ndani ya kiganja chake, ikavutika, ikavutika zaidi, huku mfupa ukibaki nyuma. Nyangau aliruka kama aliyeshika moto.

"Mmeona? Mmeona! Inatoka!"

Umati ukanguruma. Jacinta alipepesuka, akaishika shati ya Nyangau asianguke, kifungo kikang'oka kikabaki ngumini mwake.

"Mvue! Mvue tuone!"

"Sisi hatutaki maneno mingi! Atoe hiyo ngozi!"

"Nyangau," alisema Jacinta. Meno yake yalikuwa mekundu. "Mimi na mama yako tuliolewa mwaka mmoja."

"Usimtaje mama yangu! Mtoto wangu umempeleka wapi?"

Panga likainuka. Jacinta alilitazama, na kwa mshangao akagundua kwamba hakuwa akiogopa panga, wala gurudumu. Alikuwa akiogopa kuvuliwa. Mbele ya kifo chenyewe moyo wake ulikuwa bado unavuta sweta chini, usionekane. Mwaka mzima alikuwa ameilinda aibu hii kama watu wanavyolinda dhahabu, na sasa angekufa akiikumbatia? Hasira ikampanda kutoka nyayoni. Haikuwa hasira ya Nyangau pekee. Ilikuwa ya kioo, na taa iliyozimwa, na poda, na kofi lile alilompiga mume wake.

"Usiichane nguo," alisema. "Nimeishona mwenyewe. Mnataka kuona? Nitafungua."

Akavua sweta. Gauni lilikuwa na vifungo saba mbele. Akafungua cha kwanza. Akafungua cha pili. Uani pakaanza kutulia, namna panapotulia kuku wanapoona kivuli cha mwewe. Kwenye kifungo cha tatu mtu wa nyuma alisema kwa sauti ndogo, "Mama, wacha." Kwa maana Wagusii wana sheria ya haya, chinsoni, ambayo haikuandikwa popote na hakuna asiyeijua: anayestahili kukuita mama hauoni uchi wako, na akiuona, hauachi kumwona yeye, humfuata kama laana. Walikuwa wameipigia kelele ngozi hii njia nzima. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiri kwamba ngozi hiyo ilikuwa juu ya tumbo la mama.

"Wacha, Mama Kemuma! Funga!" mwingine alimsihi kwa jina la mwanawe.

"Cha nne," alisema Jacinta. "Cha tano."

Nyuso zikaanza kugeuka. Mmoja alijifunika macho kwa mkono ulioshika panga. Mwingine alitazama majani chai kana kwamba aliagizwa kuyahesabu. Gauni likaanguka, na lile gunia tupu likatokea juani, na michirizi yake ya fedha, na mikunjo yake yenye upele, na poda.

"Huu hapa mfuko. Watoto watatu walilala humu. Wa nne alifia humu, na hamkuja na gurudumu siku hiyo. Mwenye panga asogee atafute mlango ninaotokea usiku. Njoo! Mbona mnaniangalizia miti?"

Thelathini walikuja kuona, na hapakuwa na wa kutazama. Wa nyuma walianza kuondoka, kwanza kwa hatua, kisha mbio, wakikanyaga migomba waliyoiangusha. Ni Nyangau tu aliyebaki ameinua panga, na macho yake hayakugeuka. Huzuni ilikuwa imekula haya yake. Hata Mungu angevua nguo mbele yake siku hiyo, angemtazama.

Linet alikuja akikimbia kupitia kwenye majani chai, kichwa wazi, matiti yakivuja maziwa yasiyo na wa kuyanyonya. Hakusimama hata kwa panga. Alifungua leso yake kiunoni akamzungushia Jacinta, akaifunga kwa mafundo mawili kama anayefunga mtoto mgongoni. Kisha akamgeukia mumewe.

"Huyu aliniambia nimpeleke zahanati. Jumanne! Nikaja nikakwambia. Kumbuka ulisema nini."

"Linet, nyamaza."

"Ulisema ni meno."

"Nyamaza nitakukata!"

"Ulisema ni meno, Baba Ezra. Siku tatu, ni meno, ni meno. Na pikipiki imesimama uani."

Panga lilishuka. Lilishukia gurudumu, mara moja, mara mbili, mara kumi, na kila pigo Nyangau alitoa sauti ambayo Jacinta aliwahi kuisikia kwa ng'ombe tu. Mpini ulipovunjika aliendelea kupiga kwa ngumi, mpaka mpira ule mweusi ukaloa damu ya vidole vyake.

*

Chifu alikuja jioni akauliza majina. Jacinta alisema jua lilikuwa machoni mwake.

Jumamosi asubuhi Makori aliingia akakuta gunia dirishani mahali pa kioo. Hakuuliza mengi, barabara nzima ilikuwa imemsimulia. Alichemsha maji, akatia chumvi, akamkalisha mkewe kwenye kigoda karibu na mlango, penye mwanga, aoshe kidonda cha bega. Jacinta alivua gauni. Makori alitazama kwa muda mrefu, kitambaa kikidondosha maji sakafuni.

"Mwaka mzima nilidhani unanificha kifo," alisema hatimaye.

"Nilikuwa naficha hii."

"Hii?" Akaishika ile ya mkononi kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa dukani. "Hii ni wewe tu."

Hakumpiga kofi mkono. Ilimgharimu, lakini hakumpiga.

*

Wiki ya tatu Linet alikuja na bahasha ya karatasi. Alikaa kwenye benchi la wateja, chini ya ile kanzu nyeupe ambayo hakuna aliyeishusha msumarini. Akatoa shati.

"Imepoteza kifungo," alisema. "Amesema nisiseme ni yake."

Jacinta alikuwa amevaa gauni jipya, la mikono mifupi. Alifungua mkebe wa vifungo, na hakuhitaji kutafuta. Kilikuwa peke yake kwenye pembe. Akatia uzi. Alipouvuta, ngozi ya mkono wake iliyumba kama pazia, na Linet akaitazama waziwazi, kwa macho ya mtoto.

"Inauma?"

"Haiumi. Inaning'inia tu."

"Yangu ya tumbo pia imebaki hivyo," alisema Linet. "Mtoto ameenda, yenyewe imebaki."

Kupitia dirishani, ng'ambo ya barabara, mwanamume alikuwa amekaa juu ya pikipiki, amewapa mgongo, vidole vyake vimefungwa vitambaa. Kifungo kilikuwa na matundu manne. Jacinta alishona mawili, kisha akaiacha sindano imesimama ndani ya kitambaa.

"Mwambie aje aivalie hapa," alisema. "Nataka kuona kama inamkaa."

Linet alisimama, akaenda mpaka mlangoni, akaita. Jacinta aliweka mguu juu ya ubao wa cherehani na kuinamisha kichwa, akisikiliza. Hatua hazikusikika. Lakini pikipiki nayo haikuwashwa.