Bembea Iliyopata Vema Zote

Mwaka wa 1979 dunia nzima ilikumbuka kwamba kuna watoto. Habari hiyo ilifika kijijini kwa Mwalimu Paskalina, kati ya Karatu na Endabash, pamoja na mifuko minne ya saruji iliyotolewa kwa kibali na amri moja: kabla ya sherehe za Mwaka wa Mtoto, chekechea iwe na bembea.

Paskalina alikuwa na watoto hamsini na wawili na ubao mmoja. Alifurahi kama mtu aliyeona mvua ya kwanza. Akamwendea Boazi, fundi wa kuchomelea aliyekuja toka Singida kufanya kazi kwenye shamba la kahawa, naye akaunga mabomba ya maji yaliyochakaa, akaning'iniza minyororo na vibao vya kukalia.

"Mabomba hayana neno, Mwalimu," alisema Boazi. "Ila miguu ichimbiwe futi tatu na ishikwe na zege. La sivyo umetega mtego."

Lakini kamati ya sherehe, chini ya mwenyekiti wa kijiji Ndugu Bonifasi, ilikuwa na shida kubwa kuliko watoto. Mgeni rasmi angesimama wapi? Kwenye tope? Basi saruji yote ikajenga jukwaa, na mchanga uliochotwa korongoni ili utandazwe chini ya bembea ukaingia humo humo. Likatoka jukwaa imara kiasi kwamba tembo wa Ngorongoro angeweza kulipanda na kuhutubia. Bembea ikachomekwa kwenye vishimo vya kina cha kiganja, ikashindiliwa udongo.

"Watoto ni wepesi," alisema Bonifasi.

Siku mbili kabla ya sherehe akaja mkaguzi kutoka wilayani, Ndugu Valeriani, na kijitabu cha viwango vya usalama kilicholetwa na wafadhili. Kulikuwa na manyunyu, kwa hiyo alikagua bila kushuka kwenye Landrova.

"Nguzo zimezikwa?"

"Kiganja kimoja tu, Ndugu Afisa," alijibu Paskalina.

"Nimeuliza zimezikwa au hazikuzikwa."

"Zimezikwa, lakini..."

Akatia vema.

"Mchanga wa kuangukia upo?"

"Uko ndani ya jukwaa."

"Basi upo." Vema nyingine. "Inahimili uzito wa mtu mzima?"

"Hakuna aliyejaribu."

"Kwa maana hiyo hakuna aliyeanguka." Akatia vema ya tatu, akatia sahihi cheti na kukipiga mhuri juu ya goti lake, akapandisha kioo.

Paskalina alibaki kwenye manyunyu. Alikwenda kulalamika kwenye kamati. Akaambiwa asiwaharibie sherehe. Alifunga vibao kwa kamba juu kabisa, watoto wasivifikie. Asubuhi ya sherehe Bonifasi mwenyewe alizifungua zile kamba, akavalisha nguzo maua ya karatasi.

Mgeni rasmi alikuwa Mama Hamisa, mkunga wa zamani aliyepewa cheo mkoani, mwanamke mnene wa maneno machache. Alipanda jukwaani, akaimbiwa, akasomewa risala ndefu kama njia ya Mbulu. Kisha Valeriani akasoma cheti kwa sauti ya kanisani: vifaa vimetimiza viwango vyote, vinahimili hata mtu mzima.

"Haya, nani ataanza kubembea?" akauliza Mama Hamisa.

Mikono hamsini na miwili ikainuka. Paskalina hakujua miguu yake ilimfikishaje pale, ila alijikuta amesimama mbele ya bembea, mikono ameitanua kama anayezuia ndama.

"Ndugu Mgeni Rasmi," alisema, "cheti kinasema inahimili mtu mzima. Naomba aanze aliyetia sahihi."

Bonifasi akakohoa. Mama Hamisa aliitazama ile ardhi ngumu chini ya bembea, akazitazama nguzo, akamtazama mwalimu.

"Ni haki kabisa," akasema. "Karibu, Ndugu Valeriani."

Valeriani alicheka peke yake. Alipoona hakuna anayemsindikiza katika kicheko hicho, alikaa kwenye kibao, lakini viatu vyake vilibaki chini, magoti yakitetemeka kwa kubeba mwili.

"Inua miguu," alisema Mama Hamisa.

"Nimeshakaa, Mama."

"Hujakaa, umechuchumaa. Inua miguu."

Akainua. Nguzo ziliinama polepole kama ng'ombe anayelala, maua na yote, na mkaguzi akatua kwa makalio mahali ambapo, kwa mujibu wa kijitabu chake, palikuwa na mchanga wa futi moja. Watoto walipiga makofi. Walidhani ndivyo bembea inavyochezwa.

Mama Hamisa hakucheka. Aliomba majembe.

"Pilau itasubiri," alisema. "Kamati ichimbe. Futi tatu."

Bonifasi alichimba na suti yake ya Kaunda, na wajumbe wakapokezana sururu, huku harufu ya pilau ikiwapitia puani. Boazi alipima kila shimo kwa fimbo na kukataa mawili. Wakashindilia mawe; wiki iliyofuata meneja wa shamba la kahawa akatoa saruji, wazazi wakaleta mchanga kwa punda. Watoto wakabembea.

Mwezi uliofuata Paskalina alipokea barua iliyomtaka ajieleze, ndani ya siku saba, kwa nini alimdhalilisha mtumishi wa umma mbele ya raia. Alijibu kwa mstari mmoja: "Hakuna mtoto aliyeumia." Barua yake haikujibiwa kamwe.

Valeriani naye aliandika katika taarifa yake kwamba bembea ilijaribiwa hadharani na mkaguzi mwenyewe. Sifa hiyo ilimfaa sana. Mwaka wa pili akapandishwa cheo, akapelekwa kukagua madaraja.