Gurudumu la Mama Apiyo

Milka aliapa mbele ya wageni: binti yake Apiyo hapandi gari lile siku ya harusi. Hapandi kabisa! Zadock, mume wake, alilinunua kwa mzungu wa Muhoroni aliyekuwa akifunga virago mwaka wa uhuru, na hata wakati huo lilikuwa kuukuu. Breki zake zilivutwa kwa vyuma. Ukikanyaga tu, gari linakimbilia kushoto. Ndivyo lilivyomtia Milka mtaroni pale Otonglo, na nguo zake za kanisani, soko zima likimtazama.

"Tia breki za mafuta, Baba Apiyo. Magari ya siku hizi yote yanazo."

Wepukhulu, fundi wa Kondele, alikuwa ameshaleta mabomba ya breki hizo aliyoyafungua kwenye gari lililopinduka. Zadock aliyageuzageuza, akamrudishia.

"Mpira wa ndani ya breki hizi ukioza nitauonaje, bwana? Chuma kikilegea nakiona kwa macho yangu."

"Kichwa ngumu!" Milka alisema, machozi yakimlengalenga. Harusi ilikuwa kesho, kanisa liko Kisumu, na kutoka kwao Maseno barabara inaporomoka mpaka Kisian.

Zadock alikunja mikono ya shati. Aliliinua gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya magogo, magurudumu yote manne yakaning'inia. Kisha akamwita Milka na akina mama watatu waliokuja kupika, kila mmoja na gurudumu lake. Milka akapewa la mbele kushoto.

"Zungusheni! Likishikwa, pigeni kelele."

Akakanyaga breki polepole.

"Langu!" Milka akapaza sauti. Ya wenzake yalikuwa bado yanazunguka.

Zadock akaingia chini na spana, akalegeza chuma cha gurudumu hilo kidogo. Akakanyaga tena. Milka tena! Aoko, dada yake Zadock, akamtania wifi yake kwamba hata gurudumu linamwogopa. Walirudia na kurudia, jasho likiwatoka, wali ukaungua jikoni na hakuna aliyejali. Mwishowe wote wanne walipiga kelele kwa pamoja, mara moja.

Milka akaitazama mikono yake iliyojaa grisi.

"Atapanda," alisema. "Na mimi nitakaa mbele."

Kesho yake waliteremka wakiimba, Apiyo na shela yake nyuma, Wepukhulu akiwafuata na pikapu iliyojaa akina mama. Walipokata kona juu ya Kisian, ng'ombe hao! Kundi zima limejaa barabarani. Uwi! Zadock akakanyaga.

Gari lilishikwa kotekote, likaenda moja kwa moja bila kuyumba, likasimama mbele ya dume lililokuwa likicheua.

Milka akafungua mlango, akashuka na gauni lake jipya. Wepukhulu alikuwa anakuja mbio, uso umemparama. Milka akalipiga kofi gurudumu la mbele kushoto, vumbi likaruka.

"Hili ni langu!" akamwambia, akicheka na kulia. "Hili nimelizungusha mimi!"

Akina mama wakapiga vigelegele mpaka dume likaondoka lenyewe.