Ametolewa kwa Mkopo

Barua ilikuwa imewekwa chini ya sahani ya ugali. Tabita aliiona alipoinua sahani hiyo ili ajue kama mwanawe amekula. Hakuwa amekula. Karatasi ilikuwa na muhuri wa Mpakani, timu ya mpira wa kikapu iliyodhaminiwa na mawakala wa forodha wa Tunduma, ambayo Osward alikuwa ameichezea kwa miaka miwili. Tabita aliketi juu ya gunia la mchele aliokuwa akiuza sokoni, akaisoma taratibu.

"Baada ya kumaliza ligi tukiwa wa tano kati ya timu nane, uongozi umeamua kuijenga timu upya. Mchezaji Osward Silwimba anatolewa kwa mkopo kwenda Kasama, Zambia, kwa msimu mmoja. Klabu itapokea mipira minne. Safari ni Jumamosi, saa sita mchana."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Tabita alirudi mwanzo wa barua, akitumaini kwamba kuna neno alilokosea. Hapakuwa na neno alilokosea.

Maneno hayo hayakuwa mageni katika ukoo wao. Mwaka wa njaa ya nzige, babu yake mzaa mama alikosa ulezi wa kulisha nyumba, akamtoa binti yake mkubwa, Nesta, kwa watu wa ng'ambo ya mpaka, naye akapewa magunia matatu. Wazee waliposimulia walisema vivyo hivyo: Nesta alitolewa kwa mkopo wa ulezi. Mavuno yaliyofuata ulezi ulirudishwa, lakini Nesta hakurudi. Waliokwenda kumchukua waliambiwa kwamba mwenye nyumba amehama, na aliyeingia katika nyumba hiyo alisema hajawahi kumwona msichana yeyote. Mama yake Tabita, mdogo wake Nesta, alizeeka na kufa akiwa na desturi ya kutenga sahani moja zaidi kila alipopakua chakula.

Na sasa ulikuwa mwaka 2001, wakati ambao watu wa Mbozi, wilaya yao, hawakupenda kutembea peke yao. Ilisemwa kwamba watu wanachunwa ngozi, na kwamba ngozi hizo huvushwa mpakani. Hakuna jirani aliyekuwa ameiona ngozi, ila kila jirani alimjua mtu aliyeiona. Wanaume waliokuja mnadani kutoka kijiji cha Nanyala walikuja kwa makundi na kuondoka jua likiwa bado juu.

Tabita alitoka na barua mkononi, akaenda kwa jirani yake Conjesta, muuza vitenge.

"Mama Faith, umewahi kusikia mtu akikopeshwa?"

"Sufuria ndiyo hukopeshwa," alijibu Conjesta. "Na ile yangu bado iko kwako."

Tabita hakucheka. Alimpa barua. Conjesta aliisoma mara moja, akaacha kukunja kitenge alichokuwa nacho.

"Mipira minne? Hata mbuzi habadilishwi kwa mipira, Mama Osward." Alitazama nje, kisha akasogea karibu. "Sikutaka kukuambia. Juzi nilipita uwanjani nikamwona Osward na mwanamume wa ng'ambo. Alikuwa anampima."

"Anampima nini?"

"Mikono. Kwa futi ya fundi cherehani, kutoka ncha ya kidole hiki mpaka ncha ya kile. Halafu mgongo, kuanzia shingoni kushuka. Kila akipima anaandika kwenye daftari. Nikajiambia labda anashonewa suti."

"Osward hana harusi."

"Ndiyo maana tangu juzi sijalala vizuri."

Tabita hakuaga. Alishika barabara kuu, ambako malori yalikuwa yamepangana kuelekea geti la mpaka. Kila lori lilikuwa limefungwa turubai kwa kamba, naye kila alipopita moja alijizuia asitazame kilichovimba ndani yake. Alimwuliza utingo mmoja saa. Akaambiwa saa sita kasorobo. Alivua ndala, akazishika mkononi pamoja na barua, akaanza kukimbia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipojifungua mtoto wake wa mwisho. Alijaribu kusali, lakini sala haikuvuka maneno mawili: mrefu hivyo, mrefu hivyo. Alikuwa anamweleza Mungu kimo cha mwanawe, kana kwamba Mungu angemtafuta katikati ya watu.

Uwanja ulikuwa wa saruji iliyopasuka, wenye mistari ya chokaa na vikapu viwili visivyo na nyavu. Kando yake lori la Zambia lilikuwa limeshawashwa. Osward alisimama karibu na mlango wake, begi begani, akiwapita wenzake wote kwa kichwa kizima. Alipomwona mama yake pekupeku, alishusha begi chini.

Kocha wa timu, Damiano, alimjia Tabita kwa adabu. "Shikamoo, mama."

Tabita hakuitikia. Wachezaji waliokuwa wakidunda mpira waliacha.

"Mwalimu Damiano, nani amekopa, na amekopa nini, hata mwanangu alipe?"

"Mama, hapana aliyekopa."

"Mmeandika mkopo. Mmeandika mipira minne. Muhuri wenu huu hapa."

Kijana mmoja alicheka. "Mama, hata wangetupa mipira sita bado tumewapunja. Huyo hajui kulenga."

"Nyamaza wewe," alisema Damiano.

Osward alizungumza akitazama chini. "Mama, hiyo ni lugha ya michezo tu."

"Na lugha ya kuniaga ilikuwa ipi? Kuificha chini ya sahani?"

"Nilijua utakataa."

Ndipo mwanamume mmoja mnene alipoteremka kutoka katika lori, futi ya fundi cherehani ikining'inia shingoni. Tabita alijitia katikati yake na mwanawe. Yule mtu alisimama palepale, akapiga makofi polepole na kuinama, kama mtu anayemwamkia mkwe. "Mulishani, mayo," alisema kwa Kibemba, yaani hujambo, mama. Alikuwa Boazi, kocha msaidizi wa Kasama. Kwa Kiswahili cha kuokoteza alieleza kwamba mtu mwenye mikono mirefu kuliko kimo chake huzuia mipira vizuri, na kwamba hakuna jezi iliyo tayari ya kumtosha mtu kama huyo. Kisha akajipima mikono yake mwenyewe mbele ya Tabita, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Wachezaji walicheka. Tabita aliendelea kuitazama futi.

Damiano alimvutia kiti, akachuchumaa mbele yake. Alimweleza kwamba msimu uliopita walishinda michezo sita na kupoteza minane. Kwamba Anania, mchezaji wao wa kati, aliyekuwa ameketi pale na goti lililofungwa bandeji, hatacheza tena mwaka huu. Na kwamba Osward alikaa benchi karibu msimu wote.

"Timu haijengwi na mtu anayekaa, mama. Kule atacheza kila mchezo. Akirudi amekomaa, tutajenga timu juu yake."

"Akirudi lini?"

"Msimu ukiisha."

"Mimi ninaujua msimu wa mpunga. Wenu unaisha lini?"

"Wa kwao unaisha Novemba, Mungu akipenda."

"Barua haikutaja Novemba. Wala haikumtaja Mungu."

Damiano alitabasamu kidogo. Tabita aliinama mbele, akauliza swali ambalo tangu utoto wake alitamani mtu mmoja wa ukoo wao angeliuliza kabla ya kupokea ulezi.

"Na hiyo Novemba ikikuta ninyi hampo? Mawakala wakichoka, timu ikavunjika, Kasama watamrudisha kwa nani?"

Tabasamu la Damiano lilipotea. Alimtazama Anania, naye Anania akatazama goti lake. Dereva wa lori alipiga honi, na hakuna aliyegeuka.

"Mama," alisema Damiano kwa sauti ya chini, "wadhamini wawili wamekwisha kujitoa. Vijana nilikuwa sijawaambia."

Mpaka hapo Tabita alikuwa ameogopa jambo ambalo watu waliweza kulicheka. Sasa hakuna aliyecheka, na hofu yake ilitulia, ikawa nzito, kama gunia linalopata mahali pake mgongoni. Alimtazama mwanawe. Osward alikuwa amesikia, na bado mkono wake ulikuwa umeshika begi.

"Unataka kwenda?"

"Nataka kucheza, mama. Hapa nimekaa miaka miwili."

Tabita aliweka barua juu ya goti la Damiano. "Basi andika. Tarehe thelathini Novemba. Timu iwepo isiwepo, atarudishwa kwa mama yake, Tabita Silwimba, wa Tunduma. Na huyu mwenye futi atie sahihi."

Damiano aliandika, Boazi akatia sahihi. Mipira minne mipya iliteremshwa ikiwa ndani ya wavu. Tabita alifungua wavu, akatoa mmoja.

"Mama, hiyo ni ya mazoezi," alisema Damiano. "Mitatu haitutoshi."

"Nesta wetu alipotolewa, watu wetu walipokea ulezi wakaula wote. Hawakubaki na kitu cha kudai nacho. Huu siuli. Utakaa kwangu mpaka arudi."

Osward alipanda lori. Lilipoanza kuondoka, Tabita alimgeukia kocha aliyekuwa amesimama kando yake.

"Marahaba," alisema.

Mpira ulikaa juu ya gunia la mchele. Kila asubuhi Tabita aliubonyeza kwa kidole gumba, na kila ulipolegea aliupeleka kwa fundi baiskeli ukajazwe. Ilikuja barua moja mwezi Juni: Osward anacheza. Baada ya hiyo haikuja nyingine. Mwezi Agosti Mpakani walifungwa michezo mitatu mfululizo. Mwezi Septemba mdhamini wa tatu akajitoa, na uwanja ukaanza kuanikwa mahindi. Damiano alipokutana na Tabita sokoni alimwamkia kutoka mbali na kupita haraka.

Tarehe thelathini Novemba Tabita aliketi karibu na geti tangu saa moja asubuhi, mpira mapajani, ile karatasi ikiwa imekunjwa ndani ya kitenge. Conjesta alimletea chai, naye hakuinywa. Saa tisa alasiri kijana mmoja mpana wa mabega alivuka geti kwa miguu. Tabita alimpita kwa macho, kwa sababu mwanawe alikuwa mwembamba. Ndipo akaiona mikono, mirefu kuliko kimo.

Osward alipiga goti, akamwamkia. Tabita alimshika kichwa, shingo na mgongo, kila mahali futi ilipopita.

"Umerudi."

"Nimerudi, mama. Kama ilivyoandikwa." Aliutazama mpira, akacheka, kisha kicheko kikaisha. Alitoa bahasha yenye muhuri wa Kasama. "Wamenipa barua yako na ya kocha. Nimewaambia sitajibu mpaka uisome wewe."

"Wanasemaje?"

Osward alisita, akitafuta neno lingine, na hakulipata.

"Wanataka kuninunua."

Tabita hakuipokea bahasha. Aliukumbatia mpira kwa mikono yote miwili, akasimama, akatangulia njia ya nyumbani.