Hapana ya Kwanza ya Kivuva

Kwa miaka minne Kivuva hakuwahi kumpigia bosi wake simu. Si kwa kiburi, wala si kwa kukosa salio. Bosi wake alikuwa Mbula, na Mbula ndiye aliyemzaa mkewe. Na kama umekaa na Wakamba, basi unaijua nthoni, ile haya ya heshima inayomkataza mwanamume kumtazama mama mkwe usoni, sembuse kumsumbua kwa simu. Akiwa na neno, alimwambia mkewe Mbinya, naye Mbinya akalipeleka kwa mamake. Akiitwa ofisini alisimama mlangoni, macho chini, akajibu kwa sauti ya mtu anayeongea na viatu vyake. Na Mbula, aka, alivyolipenda jambo hilo! Aliwaringia wenzake wa kanisani: "Huyu wangu alilelewa, jamani."

Sasa heshima hiyohiyo ndiyo iliyowatia shimoni.

Kampuni ya Mbula ilikuwa ya bamia na karela, yale matango machungu yanayopendwa na Wahindi. Wakulima mia mbili wa kando ya mto, huko Kibwezi, walichuma, kampuni ikapakia, mzigo ukapelekwa uwanja wa ndege. Lakini sanduku halipandi ndege bila rekodi za dawa, yaani shamba lipi lilipuliziwa nini na siku gani. Rekodi zote zilikuwa ndani ya kompyuta, na msimamizi wa kompyuta alikuwa Kivuva.

Jumanne moja asubuhi ujumbe uliingia kwenye simu yake. Namba ilikuwa ngeni, lakini picha ilikuwa ya Mbula mwenyewe, na kitambaa chake cha kanisani. "Kivuva, kuna namba sita zimeingia kwa simu yako. Nitumie saa hii, niko kwa mkutano." Mtu mwingine angepiga simu akauliza, mama, ni wewe kweli? Kivuva angeanzia wapi? Alituma zile namba, tena akaongeza "asante mama". Kumbe hizo namba ndizo zilizokuwa ufunguo wa kila kitu. Kufikia saa sita mchana kompyuta zote zilikuwa zimefungwa, na wezi walikuwa ndani.

Siku tisa nzima ndege ziliondoka bila mzigo wao. Bamia zikakomaa, zikawa ngumu, zikatupiwa mbuzi, na hata mbuzi wakachoka nazo. Kivuva na akina mama wa kupakia walizunguka kwa wakulima wakikusanya madaftari ya mashambani, wakaziandika rekodi upya, moja moja. Siku ya kumi ndege ilibeba mzigo. Siku ya kumi na moja bodi iliitwa.

Asubuhi hiyo Mbinya alimfuata mamake hadi jikoni, macho yamevimba.

"Mama, Kivuva amefunga nguo zake. Anasema anarudi kwao Tseikuru kuchunga mbuzi, hawezi kusimama mbele yako tena. Ukimfukuza leo, ni mimi na watoto tunaenda pia. Na unamjua. Huko hatatoka, hata kwa mazishi yako."

Mbula alikunywa chai yake ikiwa imepoa, na moyo ulimuuma hasa.

Kwenye mkutano, Nzioka ndiye aliyeanza. Alikuwa ndugu ya marehemu mume wa Mbula, na kwenye bodi hakuna aliyemzidi umri.

"Shemeji, tusizungushane. Kijana alimfungulia mwizi mlango. Barua ya kumwachisha kazi ndiyo hii, imebaki sahihi yako. Chagua, mkwe au kampuni."

"Wakulima wamekasirika," akasema Hassan, mwenye malori ya kubeba mzigo. "Lazima waone mtu ameenda."

Mbula alishika kalamu. Halafu akaiweka chini, akaomba faili ya mikutano ya zamani. Kuna kitu kilikuwa kinamwasha rohoni tangu siku ya kwanza, na alitaka kukiona kwa macho yake. Alifunua, akafunua, akapata. Akasoma kwa sauti:

"Mwezi wa pili: Kivuva anaomba wafanyakazi wote wafundishwe kujikinga na wezi wa mtandao. Mwenyekiti akasema, mambo ya kompyuta apelekewe fundi. Mwezi wa sita: Kivuva anaomba tena. Mwenyekiti akasema, fundi. Mwezi wa tisa." Akaifunga faili. "Mwenyekiti ni nani, Nzioka?"

"Ni wewe, shemeji."

"Ni mimi. Askari wa lango namsalimia kila asubuhi. Mbwa wa hapa najua amekula nini jana. Na hii kompyuta inayobeba wakulima mia mbili, sijawahi kuiuliza hata hali! Niitieni huyo mtoto."

Kivuva aliingia, akasimama mlangoni, amekonda kwa siku kumi tu.

"Ingia. Keti hapa," Mbula akamwambia, akivuta kiti kilicho kando yake. Nzioka alikohoa. Kivuva aliketi kwenye ukingo wa kiti. "Siku ile, kwa nini hukunipigia uniulize?"

Kivuva aliangalia viatu vyake. Halafu kwa sauti ndogo: "Ningekupigiaje, mama? Ningeanza na neno gani?"

Machozi yalimtoka Mbula pale pale, mbele ya wanaume, na hakuyafuta. Miaka minne alikuwa amejisifia unyamavu wa huyu mtoto, na kumbe ulikuwa unamlemea hivyo.

"Sikilizeni," akasema. "Hiyo barua sitii sahihi. Kuanzia leo, kila mkutano unaanza na usalama wa kompyuta, kabla ya bamia, kabla ya malori. Si mzigo wa fundi tena, ni wangu, na ukiharibika mniulize mimi. Kivuva atakaa mezani hapa. Yeyote akiletewa agizo lisiloeleweka, hata kama lina picha yangu, anipigie aniulize. Wakulima nitawaambia mimi mwenyewe kosa lilikuwa la nani."

"Na nthoni?" Nzioka aliuliza, amekasirika kabisa. "Itatupwa?"

"Nthoni iko nyumbani, haijaenda mahali. Lakini hapa kazini mtu asiyeweza kuniuliza hawezi kunilinda." Akamgeukia mkwe wake. "Haya baba, tunaanza na nani?"

Kivuva akajibu: "Na wewe, mama. Paswadi yako."

Watu walicheka kidogo. Paswadi ya Mbula ilikuwa jina la mjukuu wake wa kwanza, na nusu ya Kibwezi iliijua, kwa sababu alikuwa akiwatajia makarani kwa simu, kwa sauti kubwa, kila alipokuwa mbali na ofisi.

"Hiyo niachie tu," akasema kwa kubembeleza. "Wengine wote wabadilishe. Mimi ni mzee, nimeizoea. Si utaniachia, Kivuva?"

Kivuva aliinua uso, polepole, hadi macho yake yakakutana na ya mama mkwe wake.

"Hapana, mama."

"Asi!" Nzioka akaruka.

Mbula alimtazama huyo kijana. Hakujua macho yake yalikuwa ya rangi hiyo. Akatoa simu mkobani, akampa kwa mikono miwili.