Onyo Jekundu kwa Mzee Taisto

Virpi alipofika kwa baba yake, mjini Tampere, alimkuta mzee Taisto amekaa jikoni na viatu vya matope. Juu ya meza palikuwa na kahawa iliyopoa. Kompyuta haikuwepo.

"Iko wapi, baba?"

"Nimeitupa ziwani."

Virpi alidhani anataniwa, lakini mzee hakuwa anacheka. Lile dirisha jekundu la onyo kwenye skrini lilikuwa limerudi tena, alisema, safari hii likipiga kelele kama king'ora: WATU USIOWAJUA WANAKUTAZAMA. CHUKUA HATUA SASA. Alikuwa ameshanunua programu ya kinga ambayo onyo hilo lilimwambia anunue, kisha akanunua nyingine kubwa zaidi, na bado kila asubuhi dirisha lilimjia na hatari mpya. Basi akachukua hatua.

"Na nyimbo za mama?"

Taisto akainamisha kichwa. Marehemu mkewe, Sanelma, aliimba kwaya miaka mingi, na sauti yake ilikuwa imehifadhiwa mle kwenye kompyuta tu.

"Niliogopa, mwanangu. Nilidhani wanamsikiliza na yeye."

Virpi hakulia. Alipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Alirudi garini na kwenda moja kwa moja kwenye jumba la maduka, ambako kampuni iliyouza kinga hiyo ilikuwa imeweka meza yenye kompyuta, na nyuma yake bango la mtu aliyeficha uso.

"Karibu, mama!" alisema muuzaji, kijana aliyeitwa Jarkko. "Unajua nani yuko ndani ya kompyuta yako sasa hivi?"

"Ndani ya yako yuko nani?"

Jarkko akacheka. "Yangu ni salama. Ina kinga yetu, ile kubwa kabisa."

"Ipime tuone."

"Ya nini tena, mama?"

"Ipime!"

Watu wenye mifuko wakasimama. Bibi mmoja aliyeshika boksi la programu akasema, "Si umpimie tu? Unaogopa nini?"

Jarkko akasitasita. Virpi akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha kupima mwenyewe. Skrini ikawa nyekundu yote: HATARI KUMI NA TISA. ONGEZA KINGA SASA.

"Haya, nieleze. Hizi ni hatari gani?"

"Ni alama tu za kurasa nilizofungua," Jarkko alinong'ona. "Hazina madhara."

"Hazina madhara, na mnaziita hatari!"

"Sasa mama, tukisema kila kitu kiko sawa, nani atanunua?"

Alisema kwa upole, kama mtu anayetaja bei ya viazi, na upole huo ndio uliomtibua Virpi zaidi.

"Baba yangu ameizamisha sauti ya mama yangu kwa sababu ya maneno yenu! Mnamtisha mzee nyumbani kwake, halafu mnamuuzia usingizi!"

Akalivuta bango, likapasuka katikati. Bibi yule akarudisha boksi mezani na kwenda zake. Walinzi walikuja, wakaandika jina na namba ya simu ya Virpi, wakamtoa nje, naye alitoka akipaza sauti mpaka mlangoni.

Kesho yake kampuni ilimpigia simu. Walisikitika sana, walisema, na walitaka kumpa mzee kinga ya mwaka mzima bure. Virpi aliwatukana matusi ambayo hakujua kama anayajua, akakata.

Jioni alimpelekea baba yake mkate wa iliki, akatoa simu ampige picha. Taisto akaziba uso kwa viganja vyote viwili.

"Weka mbali hiyo," alisema. "Tafadhali, mwanangu. Weka mbali."