Barua ya Uzi wa Kijani

Aliyeniletea habari ni mke wa kinyozi, Jumanne asubuhi, miaka minne sasa imepita, nami nina pini tano mdomoni na sketi ya mteja mezani. Aliingia hodi ikiwa bado mdomoni mwake, akakaa juu ya vitambaa nilivyokuwa nimetoka kuvipiga pasi.

"Mama Cherehani! Bi Posta wenu kaandikiwa barua!"

Nilizitoa pini moja moja. Pini haitaki pupa.

"Na nani?"

"Na mumewe." Akashusha sauti, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya tangu aolewe mtaani kwetu. "Ila aliwaandikia na wengine sita."

Bi Posta ni shangazi yangu, dada yake baba. Ndiye aliyenilea, na nilipotolewa shule darasa la nne ndiye aliyenikalisha kwenye cherehani akaniambia nisilie, vitambaa navyo vinasomwa. Jina la Bi Posta alipewa na watoto wa mtaa kabla mimi sijazaliwa. Mumewe alichukuliwa vitani miezi mitano baada ya ndoa. Aliahidi ataandika. Hakurudi, na barua haikuja, isipokuwa ile ya serikali ya kusema amekufa, mistari miwili iliyopigwa taipu.

Basi kila Ijumaa Shangazi alivaa viatu vyake vya kutokea, akaenda posta, akauliza dirishani kama kuna barua yake. Makarani walizeeka wakastaafu, wakaja wengine, wakarithishwa lile swali pamoja na mihuri. Wakwe zake walimwambia kijana wao alishajipatia mwingine hukohuko. Walikuja wachumba, hata mmoja mwenye nyumba ya ghorofa, wakanyweshwa chai wakaonyeshwa mlango. "Ameandika," Shangazi alikuwa akisema. "Barua ndiyo haijafika." Alisema hivyo miaka sabini, kwa sauti ileile ambayo wewe ungesema leo ni Jumatano. Macho yalipomwishia, mimi ndiye niliyemshika mkono kumpeleka dirishani.

Sasa mafundi waliokuwa wakibomoa dari ya posta ya zamani walikuta gunia limekwama juu ya boriti. Makumbusho wakalichukua. Mtaalamu wao akakaa nalo mwaka mzima, na asubuhi ile alikuwa amezungumza redioni: barua ishirini na tatu, wanawake saba, mwandiko mmoja. Jina la mwandishi halipo, maana jeshi lilikataza, chini kuna namba ya kikosi na maneno "Wako nisiyesahau." Maonyesho yangefunguliwa Jumatatu, na mlangoni kungekuwa na ubao: Askari Mmoja, Wapenzi Saba. Majina ya wanawake yangepangwa ukutani, pamoja na mitaa yao.

Nilikwenda chumbani kwa Shangazi. Redio ilikuwa imezimwa. Alikaa kitandani mikono magotini.

"Wamesoma moja," alisema. "Eti mwezi ninaoutazama ndio anaoutazama yeye. Mume wangu alikuwa akilala mapema kuliko kuku. Mwezi aliuonea wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Miaka yote hii nimesema ameandika. Sasa kaandika, na aliyeandika simjui." Akajilaza, akageukia ukuta. "Waambie wasiweke jina langu pale. Nimechekwa vya kutosha nikiwa na haki."

Nilivua kastabini kidoleni, nikachukua mkoba wangu wa sindano, nikaenda mjini.

Mlinzi wa makumbusho aliniuliza kama nina miadi.

"Sina. Nina shangazi."

"Bibi mzima hivi una shangazi?"

"Ninaye, na nikikosea bado ananichapa."

Alicheka, ila lango hakulifungua. Nikakaa kwenye benchi la nje. Jumanne nilikaa mpaka wakafunga. Jumatano pia. Mtu aliyetumia maisha yake kufumua mishono ya wenzake bila kuchana kitambaa hawezi kushindwa na benchi. Alhamisi mtaalamu mwenyewe alitoka, kijana wa miwani na koti la vifungo vitatu, akanisalimia vizuri. Malezi alikuwa nayo.

"Shikamoo Bibi. Nimeambiwa shida yako, na pole sana. Lakini mwandiko haudanganyi. Tumeupima."

"Marahaba. Mmepima wino. Simama hapo, kifungo chako kinaanguka."

Kabla hajajua la kufanya nilikuwa nimekishika kile kifungo cha katikati na sindano iko kazini. Mtu akishonwa kifungo kifuani hakimbii. Anatazama juu kama mtoto anayenyolewa.

"Hiki cha juu kilishonwa na mashine," nikamwambia. "Hiki cha katikati umekishona mwenyewe, ukiwa na haraka, uzi umeuzungusha kama unafunga mbuzi. Hiki cha chini kimeshonwa na mtu anayekupenda, na ni mashoto."

Nilihisi kifua chake kimesita.

"Mama yangu," alisema. "Anatumia mkono wa kushoto. Umejuaje?"

"Sindano imeingilia upande ambao mimi natokea. Redioni ulisema barua zimeshonwa."

"Zote zimekunjwa zikashonwa ukingoni. Bahasha hazikuwapo, na gundi huko ilikuwa haishiki kwa unyevu. Sisi tumezifungua kwa kukata upande wa mkunjo. Mishono tumeiacha kama ilivyo." Akanitazama. "Hatukuitilia maanani."

"Basi itilieni." Nikakata uzi kwa meno, karibu kabisa na koti lake la heshima.

Alinipeleka kwenye chumba baridi chenye meza ndefu. Akanipa glavu. Nikamwambia macho hayavai glavu, sitagusa. Akazipanga barua saba, moja ya kila mwanamke, nami nikatoa kile kioo changu cha kutungia uzi, nikainama.

Ilikuwa kweli, mwandiko ulikuwa mmoja, mzuri, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi. Mwezi ulikuwamo katika zote saba. Lakini mimi nilitazama pembeni. Ya kwanza, mashimo makubwa yanayoyumba: mtu ambaye hajawahi kushika sindano, na alijichoma, doa lake lipo. Ya pili ni ya mashoto. Ya tatu, hatua fupifupi za mtu mwoga, anayetaka uzi utoshe. Ya nne ilishonwa kwa sindano mbili zinazopishana katika shimo moja, kama viatu. Ya tano na ya sita nazo, kila moja ilikuwa na mkono wake.

Ya saba ilikuwa ya Shangazi. Uzi wa kijani. Umekazwa mno, karatasi imefinyana.

"Ya kwake ina ajabu moja," mtaalamu alisema nyuma yangu. "Barua zake zote nne hazina fundo. Sijui zimeshikaje mpaka leo."

Nilijua fundo lilipo. Nilijifunza mahali pake nikiwa na miaka kumi, nikipigwa vidole kwa rula na Shangazi. Lakini halikuwa langu kulifukua.

"Hapa kuna watu saba," nikamwambia.

"Bibi, hiyo ni dhana. Askari mmoja anaweza kubadilisha namna ya kushona."

"Anaweza kubadilisha mkono wa kushoto?"

Bado alikuwa na shaka, na ubao wake ulikuwa umeshachorwa. Nikamwomba anwani iliyo juu ya barua ya sindano mbili. Alisita, kisha akainakili.

Ijumaa asubuhi Shangazi hakuuliza viatu vyake. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko machozi. Nilimwekea uji, akala vijiko viwili akaegemea ukuta. Nikatoka.

Ule mtaa ulikuwa na jina jipya na nyumba mpya. Niliuliza duka la dawa, nikauliza kwa muuza nyanya, nikauliza kwa mzee mmoja aliyekuwa kiziwi lakini mkarimu, akanipa jibu la swali jingine. Saa saba mchana nikampata mwanamke wa makamo amekaa barazani, msharasi wa kutobolea ngozi mkononi, kiatu cha shule kimebanwa katikati ya magoti.

"Hapa palikuwa na mwanamke," nikamtajia jina lililokuwa kwenye barua.

"Bibi yangu. Mzaa baba."

"Na mumewe alikwenda vitani?"

"Alikwenda, akarudi na mguu mmoja. Akashona viatu mpaka anakufa. Bibi alikuwa akimtania: umeshona viatu vya mji mzima, wewe mwenyewe wahitaji kimoja." Akaweka msharasi chini. "Kwani kuna nini, mama?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha uso ukambadilika.

"Babu yangu? Wapenzi saba? Yule mtu alikuwa anaona haya hata kumsalimia jirani! Na huo ubao unawekwa lini?"

"Jumatatu."

Alikitoa kiatu kile magotini akanipa, sindano mbili zikiwa bado zinaning'inia. "Nenda nacho. Babu alimfundisha baba, baba akanifundisha mimi. Na uwaambie wakiliweka jina la bibi yangu pale, nitakuja na nyundo."

Jumamosi nilikiweka kiatu mezani kando ya barua ya nne. Mtaalamu alivua miwani, akaivaa, akavua tena. Alihesabu matundu ya ngozi na matundu ya karatasi. Nje kulikuwa na mtu anafagia, na tulimsikia akifagia kwa muda mrefu.

"Karani," alisema mwishowe. "Wengi wao hawakujua kuandika. Karani mmoja wa kikosi aliwaandikia wote. Kila mtu akapewa barua yake akaenda kuishona mwenyewe."

"Umesema wewe msomi."

"Mwaka mzima, Bibi. Mwaka mzima nimezisoma."

"Umesoma mwezi," nikamwambia. "Sasa chukua moja ya hizo za uzi wa kijani, twende kwetu."

Alisema hairuhusiwi. Alisema kuna fomu, na mkurugenzi, na joto la nje. Nikakaa. Aliponiona ninakaa alikumbuka benchi, akaenda kutafuta kisanduku.

Hivi leo ukienda makumbusho hutauona ule ubao. Kilichoandikwa mlangoni ni Mwandiko Mmoja, Mikono Saba, na majina ya wanawake yapo ukutani, la Shangazi la kwanza, kwa kuwa yeye mwenyewe aliamuru liwekwe, tena kwa herufi kubwa. Kiatu cha shule kipo kwenye kabati la kioo. Barua za uzi wa kijani zipo tatu. Mahali pa ya nne pako wazi, na kikaratasi kinasema: Imefika.

Ilifika Jumamosi ileile, saa nane mchana. Shangazi alikuwa bado ameelekea ukuta. Nilimweka sawa, nikamweleza habari ya karani, nikampangusa mikono, na mtaalamu akaketi kwenye kiti cha cherehani akiwa na glavu zake. Alifungua kisanduku kama anayefunua mtoto mchanga.

"Nikusomee, Bibi?"

"Nilishasikia. Lete."

"Ni karatasi ya zamani sana, tafadhali..."

Alikuwa ameshaichukua. Hakuikunjua. Vidole vyake vilitafuta ukingo, vikaupata mshono, vikaanza kutembea juu yake, hatua kwa hatua, mpaka mwisho, na pale mwisho vikatulia. Kisha ukucha wa kidole gumba ukaingia kati ya kunjo mbili za karatasi, mahali ambapo mtaalamu na mashine zake hawakutazama, ukagusa kitu kidogo kama punje ya ulezi.

"Fundo limo ndani," alisema.

Mtaalamu aliinama kutazama.

"Wiki ya mwisho nilimfundisha kushona, asije akatembea bila vifungo mbele ya wazungu wa jeshi. Nikamtilia kidonge cha uzi mkobani. Uzi gani?" Aliuliza kwa ukali, macho yake yasiyoona yamenielekea mimi.

"Wa kijani, Shangazi."

"Ndio niliokuwa nao." Kidole kikarudi kwenye mshono, kikapita tena penye mafinyo. "Mpumbavu huyu. Nilimwambia asikaze. Nilimwambia mara mia."

Na hapo ndipo alipocheka, na machozi nayo yakaja bila kuingilia kicheko.

Mtaalamu alisubiri adabu itoshe, kisha akakohoa. "Bibi, inabidi niirudishe. Sheria..."

"Juu yake kumeandikwa jina la nani?"

"Lako."

"Na mtaa?"

"Huu."

"Nimekwenda posta miaka sabini kuiulizia. Hukuwa umezaliwa, wala sheria yako." Akailaza kifuani, mikono miwili juu yake. "Maneno ya karani chukua, yapige picha, yaweke ukutani. Mshono ni wangu."

Kijana alinitazama mimi. Nikatungia uzi sindano yangu. Akasema atasubiri kidogo, basi, Bibi apumzike, na nilijua anachokisubiri: usingizi wa kizee, mkono ulegee. Nilimpa chai. Akaketi wima, kisanduku wazi magotini. Joto la mchana likaingia na kukaa nasi. Niliipindua ile sketi, nikashona pindo lake taratibu, na cherehani sikukigusa, nisije nikamsaidia mmoja wao kubaki macho.

Saa tisa ikapita. Kichwa cha kijana kikaanguka mbele, kikainuka, kikaanguka tena, kikabaki huko, kidevu juu ya kile kifungo changu.

"Amelala?" Shangazi aliuliza.

"Amelala."

"Nilijua. Watoto wa siku hizi hawajui kusubiri."

Akaitelezesha barua chini ya shavu lake, upande wa uzi ukiwa juu, akaupa ukuta mgongo. Jua lilikuwa bado kali dirishani. Akalala mapema, kama mumewe.